Shajara ya mradi: kumtafutia binti chuo cha nje ya jimbo, kozi ya usimamizi wa michezo

24 Agosti 2025

Juzi Kenya wametolewa na Madagascar kwa penalti kwenye robo fainali ya CHAN. Mechi ya jioni Kasarani huku Minnesota ni asubuhi, kwa hivyo ilinikuta ndiyo kwanza nimerudi kutoka zamu ya usiku, viatu sijavua, chai mkononi. Baba yake alizima televisheni kwa uchungu. Binti yetu hakulia wala hakukasirika, yeye alikuwa bado na swali la wiki nzima: CAF walipopunguza mashabiki Kasarani hadi 27,000 kwa sababu ya watu kuingia kwa nguvu, yale mageti yalikuwa mikononi mwa nani hasa? Huyo mtu husimama wapi? Tiketi huhesabiwa na nani?

Maswali ya namna hii nimeishi nayo tangu akiwa darasa la tisa. Yeye si mchezaji. Kwenye mechi za mpira wa kikapu za wasichana shuleni kwao, ndiye anayekaa mezani kando ya uwanja na daftari la takwimu, na ndiye anayegeuza kile kishale kinachoonyesha mpira unaofuata ni wa timu gani. Misimu mitatu sasa. Daftari zake ziko chini ya kitanda, kila moja ina alama ndogo alizojibunia: duara kwa aliyepiga akafunga, duara lililokatwa kwa mstari kwa aliyekosa, nukta kwa pasi iliyopotea. Ametuambia anataka kusomea usimamizi wa michezo, na anataka kutoka nje ya jimbo. Kama ni kubaki Minnesota, basi kiwe kile chuo kikubwa cha Twin Cities, University of Minnesota, la sivyo anaondoka. Ni sharti lake mwenyewe na nimelikubali.

AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Tanzania na Uganda. Anasema siku moja atakwenda kufanya kazi huko nyumbani kwenye mashindano kama hayo. Namwamini. Leo nimenunua daftari langu mimi pia.

7 Septemba

Orodha ya kwanza ameiandika yeye, kwa majina makubwa. Juu kabisa ni Ohio University, mji wa Athens. Amenieleza sababu: mwaka 1957 Walter O'Malley, mwenye timu ya besiboli ya Dodgers, alimwandikia mwalimu mmoja wa chuo, James Mason, akimuuliza ni chuo gani kinachomfundisha mtu kuendesha timu, kuuza tiketi, kutunza uwanja. Hapakuwa na chuo hicho. Mason ndiye aliyekuja kuanzisha kozi ya shahada ya pili pale Ohio mwaka 1966, na zingine zote zimefuata baada ya hiyo. Nimependa jinsi alivyonisimulia, amekaa kando ya sinki la jikoni akiningoja nimalize kuosha mchele.

Chini ya Ohio: UMass Amherst, Michigan, Indiana, Louisville, Kansas.

Kisha tukaweka bei. Kila chuo kinachopokea msaada wa serikali ya Marekani kinalazimika tangu 2011 kuwa na kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Unaingiza kipato, idadi ya watu nyumbani, alama za mtoto, kinakupa makisio ya utakachobaki nacho kulipa baada ya ruzuku. Usiangalie bei ya ukurasa wa mbele, angalia hii. Lakini kwa vyuo vya umma, mtoto wa jimbo lingine hata kikokotoo hakimwokoi sana, kwa sababu pesa zao za msaada huwatangulizia watoto wa kwao. Michigan kwa mtoto wa nje ilipita dola 70,000 kwa mwaka. UMass ilipita 55,000. Nimezikata zote mbili kwa kalamu nyekundu mbele yake, polepole, na nimemshika mkono nikifanya hivyo.

20 Septemba

Wiki hii ndiyo iliyofungua macho. Kumbe swali si chuo gani ni rahisi. Swali ni jimbo lako limekubaliana na nani.

Majimbo ya Marekani yamegawana kwa mikoa. Sisi wa kati tuna MSEP, mpango wa majimbo yetu wa kubadilishana wanafunzi: mtoto wa Minnesota akienda chuo cha umma kilichomo Kansas, Missouri, Nebraska, Indiana, Ohio au Wisconsin, chuo hicho hakimtozi zaidi ya asilimia 150 ya ada ya mwenyeji. Ada ya mtu wa nje mara nyingi ni mara mbili na zaidi, basi hiyo si pesa ya kupuuza. Tahadhari ni kwamba si kila chuo kimo, na chuo kilichomo huamua chenyewe ni kozi zipi na alama zipi. Lazima upige simu uulize jina la kozi yako, uandike na jina la aliyekujibu na tarehe.

Majimbo ya magharibi wana mpango wao, WUE, nayo ni asilimia 150 vilevile. Kusini kuna Academic Common Market, na hii nimemweleza wifi yangu aliyeko Baltimore, jimbo la Maryland, maana naye ana kijana wa darasa la kumi na moja anayependa mambo haya haya. Kule mtoto hulipa ada ya mwenyeji kamili, hakuna nyongeza, lakini sharti lake ni kali: kozi hiyo isiwe inafundishwa kwenye chuo cha umma cha jimbo lake. Usimamizi wa michezo Maryland upo, Towson wanafundisha. Kwa hivyo mlango huo kwake umefungwa, na heri ameujua mapema kuliko kuujua baada ya kuandika maombi sita.

Sisi Minnesota tuna jambo zaidi ya MSEP. Kuna makubaliano ya moja kwa moja na Wisconsin, Dakota Kaskazini na Dakota Kusini, na huko ada huwa karibu sawa na ya nyumbani. Nimeishi hapa miaka 14, sijawahi kuambiwa na mtu yeyote. Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye daftari: VUKA MTO TU.

5 Oktoba

FAFSA, fomu ya serikali ya Marekani ya kuomba msaada wa kulipia chuo. Nimetenga Jumapili nzima.

Kwanza akaunti yangu ilikataa. Jina langu kwenye kadi ya Social Security limeandikwa majina mawili ya mwanzo yakiwa yameunganishwa, na mimi siku zote naandika yametengana. Saa mbili zilipotea hapo. Anayejaza, chukua kadi yako mkononi, uandike kama ilivyo, hata kama walikosea tangu mwanzo. Jambo jingine lililotupunguzia kazi: kwa kuwa mimi na baba yake tunawasilisha kodi pamoja, mzazi mmoja anatosha kuweka idhini.

Fomu ya mwaka wa masomo 2026-27 inatazama kodi ya 2024. Nikafungua ile fomu yetu ya kodi, 1040, mstari wa 11, kipato kilichorekebishwa. Dola 84,310.

Nimeutazama ule mstari muda mrefu. Minnesota tangu 2024 ina mpango unaoitwa North Star Promise: familia yenye kipato chini ya dola 80,000, mtoto akisoma chuo cha umma cha jimbo, ada inayobaki baada ya ruzuku nyingine hulipwa yote. Sisi tumezidi kwa 4,310. Nazijua hizo 4,310. Ni zamu za ziada za Novemba na Desemba 2024, wikendi baada ya wikendi, nilizokuwa nikizifanya nikisema hizi ni za chuo cha mtoto.

Nimelia kidogo bafuni. Kisha nimerudi nikamaliza kujaza. Kama una mtoto wa darasa la kumi leo, ujue kwamba mwaka utakaotazamwa ni ule unaoanza akiwa katikati ya darasa la kumi na kumalizika akiwa katikati ya la kumi na moja. Hakuna aliyeniambia, nami nakuambia.

18 Oktoba

Alhamisi na jana shule zilifungwa, basi tumekwenda La Crosse, Wisconsin. Kutoka kwetu Brooklyn Park ni mwendo wa saa mbili na nusu na kidogo, sehemu kubwa unaambaa na Mississippi, na majabali yale ya chokaa yamejaa miti ya rangi ya manjano na nyekundu. Ukivuka daraja umeshafika jimbo lingine. Baba yake akasema, "Hapa kweli ni kuvuka Likoni tu." Tulicheka sote.

Chuo cha UW–La Crosse si kikubwa, na timu zake ni za daraja la tatu, ambako wachezaji hawapewi skolashipu za michezo. Mwanzoni nilidhani hilo ni upungufu. Binti yangu akanisahihisha: mahali ambapo idara ya michezo haina jeshi la waajiriwa, kazi hufanywa na wanafunzi.

Akamuuliza mwanafunzi aliyetutembeza swali ambalo tangu siku hiyo tunaliuliza kila chuo: mtu wa mwaka wa kwanza atafanya kazi mechi ngapi kabla ya Krismasi? Yule kijana akajibu bila kufikiri sana kwamba ukienda ofisini wiki ya kwanza ukasema uko tayari, utapangiwa voliboli na futiboli, na ni kwa malipo ya saa. Halafu akatupeleka ukumbini. Walikuwa wanaandaa mechi ya voliboli. Wasichana wawili walikuwa wamepiga magoti sakafuni wakibandika tepu nyeusi ya kitambaa juu ya nyaya, kutoka mezani hadi ukutani. Binti yangu alitazama kwa dakika moja, akainama, akashika ncha ya waya mmoja ukae sawa. Hakuna aliyemwomba. Walimwachia tepu, akaendelea nao mpaka mwisho wa ukuta.

Kila mwanzo wa Juni mji huo hupokea mashindano ya riadha ya shule za sekondari za Wisconsin nzima, palepale kwenye uwanja wa chuo. Na wakati wa kiangazi kuna timu ya besiboli ya vijana wa vyuo, Loggers. Maana yake hata vyuo vikifungwa, kazi ya mageti na tiketi ipo.

9 Novemba

Maombi yamekwenda: Twin Cities, La Crosse, University of Kansas, na Wichita State ya jimbo hilohilo la Kansas. Ohio University tumeiacha. Nilimwambia hiyo iwe ya shahada ya pili, ndiyo iliyoanza kwa hiyo hasa.

Majibu ya FAFSA nayo yamekuja. Ile namba yao, SAI, inayokisia uwezo wa familia kulipa, kwetu ni 4,480. Hesabu ya Pell, ruzuku ya serikali ya Marekani, ni nyepesi mtu akishaijua: kiwango cha juu, 7,395, toa SAI yako. Tumebaki na 2,915. Pell humfuata mtoto popote nchini. Ruzuku ya jimbo la Minnesota haivuki mpaka, inatumika kwenye vyuo vya Minnesota tu. Hilo ni gharama ya kwenda nje ambayo huioni kwenye kikokotoo chochote, lazima uiongeze mwenyewe.

Mshauri wa shule aliuliza kama tumeangalia ithibati ya COSMA. Ni chombo kinachokagua kozi za usimamizi wa michezo. Nimejifunza kwamba kuwa nayo ni vizuri, lakini programu nyingi zenye sifa hazina, kwa hivyo siikati kozi kwa hilo peke yake. Swali la mechi ngapi linaniambia zaidi.

14 Desemba

Kakangu wa Wichita amepiga simu. Kule kuna Wakenya wengi tangu zamani, na yeye ana nyumba na chumba kitupu. "Mleteni kwangu. Atakula, atalala, mtalipa ada tu." Binti akachukua simu, "Shikamoo mjomba," wakaongea nusu saa.

Hesabu ya Wichita State kwa MSEP, bila malazi, ni kama dola 11,000 baada ya Pell. Ndiyo rahisi kuliko zote kwenye daftari. Wana kozi hiyo na timu zao za kikapu zinacheza daraja la kwanza. Nilikuwa karibu kusema tumemaliza.

Kisha nikamuuliza kakangu anaishi umbali gani na chuo. Dakika 25 kwa gari. Basi je? Akanyamaza. Yeye hufanya zamu ya jioni, gari ni moja.

Nimeliandika hilo, nikaweka alama ya swali.

8 Februari 2026

Leo tumefanya jaribio. Kukaa nyumbani na kusoma Twin Cities kungetugharimu kama dola 13,000 baada ya ruzuku zote, pamoja na ile ya jimbo. Kukaa bwenini kungeifikisha 27,000. Tofauti ya 14,000 ni kitanda chake mwenyewe alichonacho tayari. Kwa hivyo akili yote ya mzazi inasema akae nyumbani.

Basi tukaenda Williams Arena kutazama mechi ya kikapu ya wasichana ya Gophers, timu ya chuo hicho, kama vile yeye ni mfanyakazi. Ukumbi wa 1928. Sakafu yake imeinuliwa kama jukwaa, wachezaji wa akiba wanakaa chini wakitazama juu. Mimi nilitazama mchezo. Yeye alitazama watu wa mezani, watu wa kupanguza jasho sakafuni, yule wa kamera, mama mmoja wa tiketi aliyeongea na mzee mwenye kiti cha magurudumu kwa upole mkubwa. Mechi ilipokwisha tulikaa nusu saa nyingine, kwa sababu mfanyakazi haondoki na mashabiki. Nyaya zinakusanywa, viti vinakunjwa.

Kisha tukapanda basi, kama atakavyopanda yeye, maana gari huwa nalo mimi usiku. Mabasi mawili. Kituo cha pili tulingojea dakika 38, baridi inauma masikio. Tulifungua mlango wa nyumba saa tano na dakika kumi usiku. Hakusema neno. Akavua glavu, akaweka mikono juu ya birika.

Mechi huchezwa usiku. Kozi hii haisomwi darasani peke yake, inasomwa baada ya filimbi ya mwisho, na mtoto asiye na gari anayelala mbali na ukumbi atakuwa anaondoka kabla ya somo. Hiyo ndiyo alama ya swali niliyoiweka kwa Wichita. Kumpeleka kwa mjomba kungekuwa ni kulihamisha tatizo lilelile kilomita elfu moja.

Tangu leo kila chuo kwenye daftari kina safu mpya: kutoka ukumbini hadi kitandani, dakika ngapi, kwa miguu.

15 Machi

Amekubaliwa kote. Alhamdulillahi.

Kansas ilimuuma kuiacha. Ndiko alikofundisha James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu mwenyewe, na Allen Fieldhouse ameitazama kwenye simu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwa malazi, hata na bei ya MSEP, tungelipa kama 27,000 baada ya Pell. Haikuingia.

La Crosse: ada ya makubaliano, chumba na chakula, kama 21,000. Toa Pell 2,915. Mkopo wa serikali mwaka wa kwanza unaruhusiwa hadi 5,500, lakini tumekubaliana achukue ile sehemu ya 3,500 tu isiyozaa riba akiwa masomoni. Akiba yake ya kazi za kiangazi 2,400. Inabaki 12,185, kama dola 1,015 kwa mwezi kwa miezi kumi na mbili. Ukumbini hadi bwenini, kwa miguu, dakika saba. Niliwahi kuzihesabu Oktoba bila kujua nitazihitaji.

Nimempigia kakangu kumweleza kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Aliumia kidogo. Nikamwambia chumba kile asikikodishe, kiangazi kimoja atakuja. Akasema, "Wewe mlee, mimi nitamngoja."

26 Aprili

Amana ya kushika nafasi imelipwa, siku tano kabla ya 1 Mei. Fomu ya makubaliano ya Wisconsin tumeipeleka ofisi ya elimu ya juu ya Minnesota. Hii haiji yenyewe kwa kukubaliwa chuoni. Usipoiomba, unatozwa kama mtu wa nje, na anayekuambia kwamba itajazwa moja kwa moja mwombe akuonyeshe kwa maandishi.

Bado kuna jambo moja halijakaa sawa. Mwaka wa mwisho kozi nyingi za aina hii hudai muhula mzima wa mafunzo kazini, na yale masomo ya mafunzo hulipiwa ada kama masomo mengine, hata kama mtoto yuko Chicago akifanya kazi bila mshahara. Nimeandika barua pepe kuuliza ni krediti ngapi na kama zinaweza kufanywa kiangazi. Nasubiri jibu. Nimeanza bahasha ya pembeni, leo ina dola 60.

Jana ilikuwa hafla ya kufunga mwaka ya timu yao. Kocha alimwita mbele, akamkabidhi kile kishale cha mezani, kimechakaa, gundi imetoka upande mmoja. Kiko juu ya friji sasa hivi. Ameniandikia orodha ya vitu vya kununua kabla ya Agosti, na cha kwanza, kabla ya shuka na taulo, ni tepu nyeusi ya kitambaa, viringo vitatu.